Hisabati ya Uhandisi Mtandaoni: Tusiikatae, Ila Tusikubali Kubebeshwa Bando



Wiki iliyopita kwenye grupu letu la WhatsApp la matawi ya vyuo mjadala uliwaka moto. Mwenzetu mmoja alileta taarifa kwamba chuo fulani kimeamua Hisabati ya wanafunzi wa uhandisi, mwaka wa kwanza na wa pili, ifundishwe kwa mseto, yaani nusu darasani na nusu mtandaoni. Haikupita nusu saa, hukumu ikatoka: ni janja ya serikali, wanataka kukwepa kuajiri wahadhiri, tukatae. Mimi nikaandika kwamba sikubaliani moja kwa moja. Nikajibiwa, "Dada wa sheria, hesabu ulizikimbia Form Four, hili waachie wenyewe."

Ni kweli nilizikimbia. Nilipata D, nikamshukuru Mungu, nikaenda HGL. Lakini naishi chumba kimoja na mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, mwaka wa pili. Simtaji jina, hapa nitamwita Mhandisi, maana korido nzima ndivyo tunavyomwita. Juu ya kitanda chake amebandika jedwali la Laplace pale ambapo wasichana wengine wanabandika picha za familia. Nimemuona akikesha na matrisi, nimemuona akikesha na milinganyo ya diferensha, na muhula uliopita nilimuona akilia kwa sababu ya kwizi moja ya mtandaoni. Kwa hiyo hesabu siijui, ila gharama yake naijua, na hiyo ndiyo mada yangu.

Nianze na darasa lenyewe, kwa sababu kwenye grupu watu walilitetea kana kwamba ni pepo. Hivi mmewahi kuingia kwenye kipindi cha Hisabati ya uhandisi mwaka wa kwanza? Mimi niliingia siku moja kumsindikiza Mhandisi. Umeme, ujenzi, mitambo, kemikali, wote wamewekwa ukumbi mmoja kwa sababu kozi ni ileile. Aliyechelewa anakaa kwenye ngazi. Mhadhiri, mzee wa watu mwenye heshima zake, anaandika ubaoni toka mwanzo hadi mwisho, anafuta, anaandika tena. Walio nyuma hawaoni, wanapiga picha ubao kwa simu ili wakakuze picha baadaye. Hakuna anayeuliza swali, maana ukiuliza watu mia nne wanageuka kukutazama. Kipindi cha mazoezi, ambacho kwa nia yake kilipaswa kuwa cha vikundi vidogo, nacho ni ukumbi huohuo, tofauti ni kwamba sasa anaandika mwalimu msaidizi.

Mazoezi ya nyumbani nani ayasahihishe? Mia nne mara maswali kumi ni majibu elfu nne, kwa wiki moja, kwa kozi moja. Hayasahihishwi. Mwanafunzi anagundua kwamba hakuelewa kitu cha wiki ya pili akiwa anapokea matokeo ya jaribio la wiki ya nane. Na hesabu zina tabia mbaya ambayo sheria haina. Mimi nikikosa mhadhara wa Sheria ya Ardhi bado naweza kuelewa Sheria ya Mikataba. Yeye akikosa matrisi, mlinganyo haufunguki, na mlinganyo usipofunguka, saketi haieleweki, wala mambo ya udhibiti wa mitambo, wala nguzo ya daraja. Ndiyo maana wahandisi wengi wanaopata sapu, na hata wanaodisko, wanaanzia kuteleza kwenye Hisabati.

Na tusisahau tunatoka wapi. Kwenye mtihani wa kidato cha nne wa 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Wanaofika uhandisi ni wale waliopenya kwenye robo hiyo, wakapitia PCM au PGM, na wengi wao walipenya kwa kukariri hatua za kusolvu swali, siyo kwa kuelewa kwa nini hatua ile inafuata ile. Chuoni swali linabadilishwa sura kidogo tu, mtu anapotea.

Kwa hiyo mtu akiniambia "tutetee darasa kama lilivyo," namuuliza, darasa lipi?

Kuna uchambuzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2014, wakiongozwa na Scott Freeman. Walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni, wakalinganisha madarasa ya mhadhara mtupu na madarasa ambayo wanafunzi wanafanya kazi mle mle ndani: wanasolvu, wanajadiliana, wanaulizwa. Kwenye mhadhara mtupu waliofeli walikuwa wastani wa karibu asilimia 34. Kwenye madarasa ya kushiriki walikuwa karibu asilimia 22. Ukiwa na wanafunzi mia nne, tofauti hiyo ni karibu watu hamsini. Hamsini, kwa mwaka mmoja, kwa kozi moja. Hao ni watu wenye wazazi waliouza mbuzi.

Angalieni kwamba uchambuzi ule haukupima video. Ulipima kile wanachofanya wanafunzi wakiwa darasani. Na hapo ndipo mseto unapokuwa na maana: yale ambayo mashine inaweza kuyafanya, ifanye, ili muda wa mhadhiri ubaki kwa yale ambayo mashine haiwezi.

Mashine inaweza nini kwenye hesabu? Hapa Mhandisi alinifundisha jambo ambalo sikulijua. Kuna programu inaitwa STACK, ilianzishwa na mwanahisabati Chris Sangwin alipokuwa Birmingham, Uingereza, na sasa yuko Edinburgh. Ni ya bure, na inapachikwa kwenye Moodle, mfumo ambao vyuo vyetu vingi tayari vinautumia kupandisha madesa. Siyo kwizi ya kuchagua A, B, C. Mwanafunzi anaandika jibu lake mwenyewe la aljebra, na programu inalichambua. Kila mwanafunzi anapewa namba zake, kwa hiyo kudesa kwa jirani hakukusaidii. Tuseme swali linataka udiferenshie x² sin x. Ukiandika 2x sin x + x² cos x, sawa. Ukiandika x(2 sin x + x cos x), inajua kwamba ni kilekile umekikunja, inakupa maksi. Ukiandika 2x cos x, mwalimu akiwa ameiandaa vizuri, inakwambia palepale: umediferenshia kila kipande peke yake, rudi kwenye kanuni ya zao. Palepale, saa sita usiku, bila kusubiri wiki ya nane. Unajaribu tena, na tena, hadi ukae sawa.

Na msiniambie hayo ni ya Wazungu. Chuo Kikuu cha Maseno, hapo Kenya magharibi, kimekuwa kikitumia STACK kwenye kozi za hisabati tangu 2019, na sababu yao ni ileile yetu: madarasa makubwa mno, hakuna wa kusahihisha. Maseno siyo chuo chenye mafuta chini ya ardhi.

Kwa hiyo kwenye hili nasimama peke yangu kwenye grupu kama ikibidi: kuikataa teknolojia kwa sababu imeletwa na watu tusiowapenda ni kuwaadhibu wanafunzi, siyo kuiadhibu serikali.

Sasa nije upande wa pili, maana najua wapo watakaokata kipande hiki cha juu na kukisambaza bila cha chini.

Kile kinachoitwa mseto kwenye vyuo vingi hapa nchini si hicho nilichokieleza. Kinachotokea ni hivi. Mhadhiri anarekodi mhadhara uleule wa kuandika ubaoni, unapandishwa mtandaoni, kipindi kimoja cha darasani kinafutwa, ukumbi unapewa kozi nyingine. Basi, mseto umekamilika. Hakuna aliyelipwa kuandaa maswali ya STACK, na kuandaa swali moja zuri la aina hiyo ni kazi ya saa nyingi. Vikundi vidogo navyo havikuongezwa. Saa mbili zimeondolewa kwa mhadhiri zikawekwa kwa mwanafunzi, na kwenye makaratasi zinaendelea kuhesabika kama saa za kufundishwa. Kwa mfumo wetu kredit moja ni saa kumi za kujifunza, na kozi ya kredit kumi na mbili ni saa 120. Mkataba wa chuo na mwanafunzi uko kwenye saa hizo. Ukibadilisha nusu yake kuwa video bila kubadilisha ada, mtu wa sheria anaruhusiwa kuuliza maswali.

Kama video peke yake ingetosha, sote tungekuwa wahandisi wa MIT. Mihadhara ya Gilbert Strang ya aljebra ya matrisi iko mtandaoni bure tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mhandisi anayo yote kwenye flashi, alipewa na kaka mmoja wa mwaka wa nne. Ni mizuri hata mimi niliangalia dakika kumi nikajiona nina akili. Lakini nilipopewa swali nikashindwa. Wenzetu wa Marekani wenyewe waliijaribu hii njia ya mkato. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Jimbo la San Jose kilishirikiana na kampuni ya Udacity kufundisha kozi za mwanzo za hisabati mtandaoni kwa bei nafuu. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wakafeli kwenye hizo za hisabati, na Julai mwaka huohuo mradi ukasimamishwa. Na hao wana umeme saa ishirini na nne.

Hapo kwenye umeme ndipo niwaeleze ile kwizi.

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili usiku, dakika arobaini, asilimia kumi ya kozi. Mhandisi alijiandaa wiki nzima. Alijiunga bando mapema, akachaji laptopu ya kuazima, akanifukuza mezani nikahamia kitandani na kesi zangu. Dakika ya kumi na mbili umeme ukakatika. Waifai ya hosteli ikafa pamoja nao. Laptopu ile betri yake ni jina tu, nayo ikazima. Akahamia kwenye simu, ukurasa ukachukua dakika nne kufunguka, akaanza kuandika alama za intigresheni kwa kidole gumba kwenye kioo kilichopasuka. Swali moja akajibu 0.5, mfumo ukakataa kwa sababu aliyeuandaa alitaka 1/2. Dakika arobaini zikaisha. Tatu ya kumi.

Kesho yake alikwenda ofisini. Jibu alilopewa ni fupi: "Mfumo ndio umeamua."

Jamani, mimi nimesoma sheria ya utawala muhula mmoja tu, lakini sentensi ile ilinipandisha presha. Tangu lini mfumo ukawa na mamlaka ya mwisho? Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inasema wakati haki za mtu zinapohitaji kufanyiwa uamuzi na mahakama au chombo kingine, mtu huyo anayo haki ya kusikilizwa kikamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Nitakubali kwamba wanasheria wakubwa wanaweza kubishana kama kwizi ya asilimia kumi inafika huko. Lakini asilimia kumi ndiyo iliyomtenganisha Mhandisi na kufaulu. Alipata sapu kwa maksi nne. Kwizi ya karatasi umeme ukikatika msimamizi anasema "subirini," watu wanasubiri. Kwizi ya mtandaoni haisubiri mtu, kwa hiyo ni lazima kuwe na binadamu wa kumwendea, na binadamu huyo awe na uwezo wa kufuta sifuri.

Halafu kuna pesa. Hapa naomba tufanye hesabu, hata sisi wa HGL tunaiweza. Video ya saa moja, kwa ubora wa chini kabisa ambao namba za ubaoni bado zinaonekana, ni kama MB 300. Saa mbili kwa wiki, wiki kumi na tano: saa thelathini, GB 9. Hiyo ni kozi moja, na kwa anayeangalia mara moja tu. Hesabu huangalii mara moja. Kozi tano zikifuata mtindo huo ni GB 45 kwa muhula. Ndani ya bei ya hilo bando kuna ushuru wa bidhaa, na juu yake VAT. Kwa hiyo mwanafunzi analipa ada ya kufundishwa, kisha analipia bando ili afundishwe, kisha analipa kodi kwa kulipia bando ili afundishwe. Mnanielewa?

Bumu ni shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi. Ilipanda kutoka 8,500 mwaka 2022, na waliopandisha wapewe haki yao, walipandisha. Lakini someni vipengele vya mkopo vya HESLB: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Bando halimo. Kwa hiyo bando linakatwa kwenye tumbo. Mhandisi muhula ule alikuwa anakula mara moja kwa siku, wali maharage wa buku jero pale nje ya geti, na jioni ananiambia hasikii njaa. Mimi ni dada yake wa chumbani, najua anapodanganya. Na akimaliza, akapata ajira, mkopo huo utakatwa asilimia 15 ya mshahara wake, kwa mujibu wa mabadiliko ya sheria ya 2016 yaliyotoa makato kwenye asilimia 8.

Wakati huohuo serikali ilichukua mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 mwaka 2021 kwa mradi wa HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu. Nia yake inajumuisha TEHAMA vyuoni. Majengo tunayaona yakipanda, sibishi. Ninachouliza ni kile ambacho mbunge yeyote angepaswa kuuliza: kati ya hizo, kiasi gani kimegusa uwezo wa mwanafunzi wa kawaida kufungua somo lake bila kununua bando? Deni ni letu sote, hata la wale waliodisko.

Na sasa jambo ambalo kwenye blogu yetu siwezi kuliruka. Unawezaje kuniambia nusu ya elimu yangu iko mtandaoni, katika nchi ambayo mtandao una swichi na swichi ina mwenyewe? Oktoba 2020, siku za uchaguzi, mitandao ya kijamii ilizuiwa. Oktoba 2023 TCRA ikataka wanaotumia VPN wajisajili. Mei 2025 X ikafungwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa. Kila mmoja wetu ana lake la siku zile na leo sitalifungua, si mahali pake. Nasema tu jambo dogo la kitaaluma: intaneti ikizimwa, na darasa limezimwa. Aliye na swichi ya mtandao sasa amepewa na swichi ya ukumbi wa mihadhara. Mwaka 2020 kwa corona walau vyuo vilifungwa kwa tangazo mwezi Machi na kufunguliwa kwa tangazo tarehe 1 Juni. Tulijua.

Mtu ataniuliza, si twende mahakamani? Haki ya elimu iko Ibara ya 11, imeandikwa vizuri, inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha na kila raia atakuwa huru kutafuta elimu katika fani anayoipenda. Rudini Ibara ya 7(2) muone mchezo: sehemu hiyo ya Katiba hakuna mahakama inayoweza kuitilia nguvu. Ni ahadi bila kesi. Ukitaka kushtaki itabidi uingilie mlango wa Ibara ya 18, uhuru wa mawasiliano na wa kutoingiliwa kwenye mawasiliano yako, na utakutana na Ibara ya 30 imekaa mlangoni na mipaka yake. Ndiyo maana tunaposema Katiba Mpya siyo wimbo wa kuchangamshia mikutano. Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme aliyefungiwa kwizi anaihitaji kuliko mimi.

Lakini nasi tujiangalie. Nimeperuzi nyaraka zetu za sera za vijana. Kuhusu teknolojia kwenye elimu ya juu tuna aya moja, ina maneno "matumizi ya TEHAMA" mara tatu na haina kitu. Tunajua kusema elimu bure. Hatujasema seva ikae wapi. Na hili la seva ndilo muhimu kuliko hotuba zote, kwa sababu masomo ya mtandaoni hayahitaji intaneti! Ukiweka seva ndani ya kampasi, video, madesa na mazoezi yote ya STACK yanafunguka kwa waifai ya chuo bila kutoka nje, bila bando, hata swichi ikizimwa. Kuna programu kama Kolibri zilizotengenezwa mahsusi kwa shule zisizo na intaneti. Anayetaka kubeba nyumbani anajaza flashi. Waingereza, pamoja na mtandao wao, walipoandaa masomo ya HELM ya kuwasaidia wahandisi kwenye hisabati, wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough, waliandika vijitabu vya mazoezi hamsini vya kuchapa kwenye karatasi. Karatasi haina betri.

Na kwizi zenye maksi zifanyike kwenye maabara ya kompyuta ya chuo, kwa zamu, msimamizi yupo. Mazoezi ya nyumbani yawe ya kujifunzia tu. Saa za mhadhiri zilizookolewa zirudishwe kwenye vikundi vya watu thelathini, na zionekane kwenye ratiba, siyo kwenye hotuba ya mahafali. HESLB waongeze kipengele cha vifaa na data kwa kozi ambazo chuo chenyewe kimezitangaza kuwa za mseto. TCU wasiidhinishe kozi ya mseto kabla hawajaona mwanafunzi asiye na laptopu ataisomaje.

Jambo moja zaidi, hili halina bajeti. Mhandisi hesabu anaelewea kwenye kimbweta. Wanakaa sita, mmoja anashika kalamu, na wanaongea Kiswahili. "Hii umeitoa wapi?" "Hapa umeikata nusu, sasa ile nusu nyingine imekwenda wapi?" Mhadhara ni Kiingereza, video ni Kiingereza, kitabu ni Kiingereza, kuelewa ni Kiswahili. Hakuna mtu anayehesabu saa za kimbweta kama saa za kujifunza, na chuo hakijaweka hata taa pale, wanatumia tochi za simu. Kama kuna pesa ya kurekodi mihadhara, warekodiwe na hao sita. Nina hakika video yao ya dakika saba ingeokoa watu wengi kuliko ya saa moja ya ubao.

Kitivo cha Sheria ndicho kilichoanza Chuo Kikuu chetu cha Dar es Salaam, mwaka 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba (ndiyo, Lumumba hiyohiyo). Uhandisi ulikuja 1973, miaka kumi na miwili baadaye. Tulianza kuzalisha wa kubishana kabla ya wa kujenga. Kwa hiyo dada wa sheria akiambiwa hili awaachie wenyewe, anaona ni zamu yake kulipa deni.

Kikao cha matawi ya vyuo ni Jumamosi saa nane mchana. Nimeomba hili liingie kwenye ajenda namba tatu, kabla ya mengineyo, maana mnajua mengineyo yanavyoishaga. Mwenye picha ya skrini ya kwizi iliyomfungia, aje nayo. Mwenye risiti za bando za muhula mzima, aje nazo, hata kama ni meseji za kwenye simu. Mhandisi amekubali kuja kueleza yake mwenyewe, kwa sharti kwamba tumalize kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu sapu yake ni Jumatatu na jioni wana kimbweta.